Nikifika kwa Daktari, Ngozi Imeshatulia

Katika ukumbi huu wa maswali ya wasomaji tumepokea barua tatu kutoka Lamu, zote kuhusu ngozi inayoharibika na kutengenea, kisha ikaharibika tena. Zinafanana kwa mbali tu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayogusa watu wengi zaidi.

SWALI: Assalaam alaikum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 36, na nakaa Langoni. Tangu siku za mwanzo za Ramadhani natokwa na mabaka yaliyovimba mapajani, tumboni na chini ya mikono, na mwasho wake haunipi usingizi. Huanza baada ya magharibi, na alfajiri nikiamka kusali hayapo, wala hayaachi alama. Mama mkwe amesema ni pweza na kamba, nami sijagusa kitu cha baharini kwa miezi miwili, lakini nafuu sijaiona. Jirani anasema ni damu chafu, akanichemshia mwarobaini. Shangazi yangu hana shaka kuwa ni kijicho, kwa kuwa mabaka yalianza siku chache baada ya arusi ya mdogo wangu mwishoni mwa Shaaban, nilipopambwa hina na piko. Nimekwenda zahanati mara mbili asubuhi, na mara zote mbili nimekunjua mkono nikaonyesha ngozi safi, nikaambiwa sina kitu. Wiki iliyopita mdomo wa juu ulinivimba usiku kucha. Je, haya ni maradhi gani, na je, yanaambukiza? Nalala na mtoto mchanga.

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Nianze na linalokutia hofu zaidi: kwa namna ulivyoyaeleza, mabaka haya hayaambukizi, na mtoto wako anaweza kuendelea kulala kifuani pako. Pili, aliyekuambia huna kitu amekosea, ingawa namwelewa, kwa maana maradhi yako yana tabia ya kuondoka kabla ya mgonjwa kufika kwa tabibu. Siku hizi dawa ya tatizo hilo unayo mkononi. Piga picha kwa simu wakati mabaka yametoka, karibu na taa, moja kwa mbali na moja kwa karibu, na ukaonyeshe hizo badala ya mkono.

Katika barua yako yote, neno lililonisaidia kuliko mengine ni kwamba alfajiri mabaka hayapo. Watu wengi huanza kwa kuuliza wamekula nini. Mimi huanza kwa kuuliza bako moja linakaa mahali pamoja kwa muda gani, kwa sababu swali hilo peke yake huyagawa maradhi ya ngozi mafungu mawili yasiyofanana. Jaribu leo usiku: bako likitokeza, chukua kalamu ya wino, zungushia ukingo wake kwenye ngozi, uandike saa pembeni. Litazame tena baada ya saa tatu, kisha asubuhi. Ukikuta lile la ndani ya mstari limekwisha kabla ya saa 24, hata kama mengine yamezuka mahali pengine, na ngozi iliyobaki ni laini, haina magamba wala weusi, basi tunazungumzia kile ambacho madaktari hukiita urtikaria. Likibaki humo humo ndani ya mstari siku mbili au tatu, likiuma kuliko kuwasha, au likiacha alama kama ya pigo, hilo ni jambo jingine, na itafaa kipande kidogo cha ngozi kichukuliwe kikapimwe.

Unapotazama, pia papasa. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, ambayo bako hung'aa juu yake kwa wekundu. Katika ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kinachoonekana ni mwinuko wenye rangi ya ngozi au iliyokoza kidogo. Kiganja cha mkono hukitambua haraka kuliko jicho, kama anavyokitambua aliyewahi kuguswa na upupu.

Kinachotokea ni hiki. Chini ya ngozi zimo chembechembe zilizobeba akiba ya kemikali iitwayo histamini. Zikichokozwa, kwa sababu yoyote ile, huimwaga. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja majimaji, ngozi hufura, na mishipa ya fahamu hupeleka habari ya mwasho. Histamini ikishaondoka, majimaji hunyonywa na ngozi hurudi ilivyokuwa, na ndiyo maana hapabaki kovu. Kwa hiyo damu yako, mama, haina uchafu wowote, na mwarobaini hauna cha kusafisha. Ama kijicho, dua ni yako na haigombani na dawa. Ninachoomba ni kwamba moja isingojewe imalizike ndipo nyingine ianze. Takriban mtu 1 kati ya 5 hupatwa na mabaka haya walau mara moja maishani, na wengi wao huyasahau ndani ya wiki moja.

Sasa tuje kwenye pweza wa mama mkwe. Mzio wa chakula upo, na kamba, kaa, samaki, mayai, maziwa na karanga ni miongoni mwa vinavyojulikana sana. Lakini mzio huo una adabu yake: huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, huja kila ukila chakula hicho, na usipokila hauji. Wewe umeacha vya baharini miezi miwili na mabaka hayakuacha kuja. Hapo shahidi ameshatoa ushahidi wake, na pweza ameachiwa huru. Nadhani najua jinsi alivyoshukiwa. Katika Ramadhani chakula chote huliwa baada ya magharibi, na mwasho wa aina hii una desturi ya kuzidi jioni na usiku. Kwa hiyo lolote utakalofuturu nalo, liwe mkate wa mofa au uji, litaonekana kuwa limetangulia mabaka. Rudi kwenye samaki wako. Unanyonyesha, na kujinyima kitoweo bure kutakudhoofisha.

Hina na piko nimevitenganisha makusudi, kwa kuwa havifanani. Hina ya majani iliyopondwa nyumbani ni nadra sana kudhuru ngozi. Piko jeusi, hasa lile linalochanganywa na rangi ya nywele, huwa na kemikali iitwayo parafenilenidaiamini, na hiyo ninaiogopa kwelikweli: nimeona mikono ya maarusi ambapo maua yaliyochorwa yameinuka juu kama yamefinyangwa, kila jani na kila kikonyo, yakajaa malengelenge. Lakini tazama tofauti. Athari ya piko huanza siku moja hadi tatu baadaye, na kwa mara ya kwanza hata zaidi. Hukaa pale pale lilipochorwa. Na hudumu wiki. Yako yako mapajani na tumboni, na huhama kila usiku. Piko halikukufanyia hili. Hata hivyo ningekusihi usilipake tena, kwa sababu mwili ukishaikataa kemikali hiyo huikataa maisha yote, na rangi ya nywele nayo huwa mwiko.

Ni nini basi kinachoyaamsha? Yanapodumu chini ya wiki 6, mara nyingi, hasa kwa watoto, chanzo ni maambukizi ya virusi, hata mafua ya kawaida yaliyokwisha kusahaulika. Au dawa, kama penisilini. Au kuumwa na nyuki na wadudu wengine. Yako yamepita wiki 6, na hapo hesabu hubadilika. Kwa wagonjwa wengi wa muda mrefu hakuna kitu cha nje cha kukamatwa na kutupwa baharini. Kinga ya mwili yenyewe huwa imekosea ikawa inazichokoza zile chembechembe, na katika baadhi yao hitilafu hiyo huenda pamoja na ugonjwa wa tezi ya shingo. Ndiyo maana kipimo cha damu cha tezi nakiona kina maana, lakini orodha ndefu za vipimo vya mizio zinazouzwa kwa bei kubwa sizioni zikikusaidia, kwani utarudi nyumbani na karatasi inayokukataza nusu ya soko nawe bado unajikuna.

Kuna kitu kimoja hukukitaja nami nataka ukifikirie. Katika funga wengi huumwa na kichwa kwa kukosa kahawa na maji, wakishafuturu wakameza kidonge cha maumivu. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki huyachochea mabaka haya kwa baadhi ya watu ambao tayari wanayo, na kwa wengine huyaanzisha. Kama umekuwa ukivinunua dukani kwa kichwa, mgongo au jino, viache, na maumivu yakikushika tumia parasetamoli. Aidha, mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu za jamii ya enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, akivimba mdomo au ulimi hata bila mabaka, na aende hospitali mara moja, kwa sababu dawa yenyewe yaweza kuwa ndiyo chanzo.

Vilevile tazama mahali yanapochagua kutoka. Kwa baadhi ya watu ni pale nguo ilipobana: chini ya mshipi wa kiunoni, kwenye ukanda wa sidiria, begani ulipokaa mkoba, na si lazima yatoke papo hapo, maana mgandamizo wa mchana unaweza kulipa saa nne au sita baadaye, yaani usiku. Wengine wakikwaruzwa kidogo kwa ukucha, mstari huinuka juu ya ngozi kama mwandiko na kufifia baada ya nusu saa. Wengine hutokwa na vipele vidogo vidogo mara jasho linapoanza, siku za kaskazi, wakipanda ngazi au wakila pilipili. Hivyo visichanganywe na harara ya kawaida, ambayo hukaa siku kadhaa na hupenda mikunjo ya watoto wanaovishwa nguo nyingi. Na wapo ambao baridi ndiyo huwaamsha. Hao wasijitose baharini peke yao, kwa kuwa mwili mzima ukiguswa na baridi kwa ghafla wanaweza kuzimia majini.

Kuhusu tiba, dawa ya kwanza ni zile za kuzuia histamini zisizolevya usingizi, kama loratadini au setirizini, na hizi mbili ndizo kwa kawaida zinazopendelewa kwa mama anayenyonyesha. Mwambie mhudumu wa zahanati kuwa unanyonyesha kabla hajakuandikia. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kuimeza mwasho ukishaanza. Dawa hii inapaswa kumezwa kila siku, uwashwe usiwashwe, kwa wiki kadhaa, ili histamini ikimwagwa ikute mlango umefungwa. Kipimo cha kawaida kisipotosha, daktari anaweza kukiongeza, lakini hilo alifanye yeye. Vidonge vya zamani vya klorofeniramini hutuliza pia, ila humfanya mtu asinzie, na mama mwenye mtoto mchanga kitandani hafai kulala usingizi wa dawa. Kwa wengi hali hii hutulia yenyewe, baadhi kwa miezi na baadhi kwa miaka michache.

Nimeuacha mdomo uliovimba mpaka mwisho ili nisilipite kwa haraka. Kuvimba mdomo au kope pamoja na mabaka ni sehemu ya maradhi yale yale, na peke yake hutulia. Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana, ukitapika au ukihisi kuzimia, hiyo ni dharura inayotaka sindano ya adrenalini, na vidonge havitoshi. Kwako Langoni hospitali ya kaunti ya King Fahd haiko mbali. Kwa aliyeko Kipungani, Matondoni au kisiwani Pate, boti na iwashwe usiku huo huo, asingoje kupambazuke wala maji yajae.

SWALI: Daktari, mimi ni mvuvi wa Kizingitini, umri wangu ni miaka 52. Mwaka huu mara tatu nimekula jodari, na kabla sijanawa mikono uso umekuwa moto, kichwa kinapiga, ulimi unawasha kama nimetafuna pilipili, na kifua kimejaa mabaka. Baada ya saa chache sina tena kitu. Siku nyingine nakula jodari na halipatikani lolote. Mara ya mwisho mwanangu, tuliyekula naye sinia moja, alipatwa vilevile. Je, mzio huweza kuwa wa siku fulani tu?

JIBU: Mzee wangu, ungalikuwa mzio usingechagua siku, wala usingemshika mwanao saa ile ile kwa sinia lile lile. Histamini ni ile ile niliyoitaja katika jibu la kwanza, lakini safari hii haikutoka mwilini mwako. Ilikuwa ndani ya samaki.

Jodari, sehewa, vibua na samaki wengine wa jamii hiyo wana nyama yenye wingi wa asidi iitwayo histidini. Samaki akishakufa na kukaa kwenye joto, vijidudu hugeuza histidini kuwa histamini. Ubaya wake ni kwamba ikishaundwa haiondoki: haiungui kwa moto, haivunjwi na barafu ya baadaye, haikaushwi na jua, na chumvi au ndimu haziifanyi kitu. Wala usitegemee pua. Samaki aliyechina hujisema kwa harufu, lakini jodari anaweza kuwa na histamini ya kutosha kukuangusha huku akinuka bahari tu. Dalili unayoweza kuitegemea ni ulimi: ukionja tonge la kwanza likakuwasha kama pilipili na mpishi hakutia pilipili, teme, na sinia lote liondolewe.

Nawe ndiye mwenye kujua, kuliko mimi, siku zile tatu zilivyokuwa. Ningekuuliza: je, jodari alipatikana asubuhi kwa mshipi mkaendelea kuvua hadi alasiri, naye amelala chini ya turubai? Je, barafu ilikuwa imekwisha, au ilitandazwa juu yake tu na tumbo likabaki na joto? Samaki mkubwa hushika joto ndani kwa muda mrefu. Anapaswa kutumbuliwa mapema na kuzungushiwa barafu pande zote na ndani ya tumbo, kisha abaki katika baridi iliyo karibu na ile ya barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi 4 au chini yake, mpaka afike jikoni.

Yakikupata tena, kidonge cha kuzuia histamini hukatiza hali hiyo haraka, na bila dawa kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Mwenye pumu au maradhi ya moyo asikae nyumbani, na yeyote anayeishiwa pumzi apelekwe hospitali. Jodari usimwache. Ila kama kuna mtu aliyekutangazia kijijini kuwa una mzio wa samaki, umwambie kwa hisani kuwa wewe na mwanao mlikula samaki aliyekosa barafu, na walionunua kutoka jahazi lile lile huenda walipatwa na hayo hayo wasiseme.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madrasa. Kijana wangu wa miaka 9 ana duara shavuni. Dukani niliuziwa dawa ya kupaka, nikipaka inaondoka kwa siku nne, nikiacha inarudi, na sasa imefika shingoni. Imekwenda na kurudi mara tano. Je, hii nayo ni urtikaria?

JIBU: Hapana, Ustadhi. Duara linalokaa siku nyingi, lenye ukingo uliopanda na magamba na katikati pasafi, ni choa mpaka kithibitike vingine. Kinacholifanya liende na kurudi ni hiyo dawa. Soma maandishi madogo kwenye mrija: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hizo ni steroidi, zinazozima mwasho na wekundu huku kuvu wenyewe wakistawi kwa raha zaidi. Hata zile zilizochanganywa na dawa ya kuvu ndani ya mrija mmoja hufanya hivyo hivyo. Steroidi za nguvu usoni mwa mtoto pia huikonda ngozi.

Acha kuipaka. Usishtuke wiki ya kwanza duara likionekana kuchafuka zaidi, maana litakuwa limevuliwa kifuniko. Mtafutie dawa ya kuvu peke yake, klotrimazoli au terbinafini ya kupaka, apakwe mpaka sentimita mbili nje ya ukingo, na aendelee wiki moja hadi mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Ikiwa kichwani mna mahali nywele zimekatika, dawa ya kupaka haitafika kwenye mizizi yake, na itabidi apewe vidonge na daktari. Na duara lisipobadilika baada ya wiki nne, akwanguliwe magamba yapimwe. Likiwa ni bako lililofifia lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa ncha ya unyoya hahisi, mpeleke mara moja, kwani hapo lazima ukoma uangaliwe.

Wakague wanafunzi wanaokaa naye mkeka mmoja na wanaovaliana kofia. Mkague na paka pia, maana watoto wa Lamu hulala na vipaka, na kipaka mwenye choa huonekana amenyonyoka manyoya kidogo tu nyuma ya masikio au usoni, wala hajikuni.